Sahihi Tatu za Aprili

Jumatatu, 12 Mei 2025

Mvua tangu alfajiri. Kliniki wamekuja wamama wanne tu, wote wa kijijini hapa. Wa ng'ambo hawawezi kuvuka.

Saa saba Abdia amekuja na daftari lake la chuo, nikiwa nahesabu chanjo kwenye friji. Mwalimu wao anakuja Jumatano na kurasa kumi na moja hazina sahihi. Amesimama mlangoni amelikumbatia. "Sista, samahani. Najua una kazi."

Kazi ninayo. Niko peke yangu tangu Januari, mwenzangu alipohamishiwa Madogo na hakuletwa mwingine. Kuzalisha mimi, chanjo mimi, wagonjwa wa presha mimi, ripoti ya mwezi mimi. Abdia ana wiki ya tisa hapa. Mwaka wake wa tatu chuoni. Ni mwepesi, ana adabu, na anaongea na wamama wa Kiorma kwa lugha yao. Tangu afike wanakuja kujifungulia hapa badala ya kule nyumbani kwao manyatani. Kwa hilo peke yake nimeshukuru mara nyingi.

Tumekaa meza moja. Kila ujuzi una mistari mitatu, maana mwanafunzi anatakiwa aufanye mara tatu mbele ya macho ya msimamizi ndipo ahesabiwe anaujua. Kupima presha – sawa, nimemwona. Kudunga sindano – nimemwona hata nikachoka. Kuweka dripu – nimemwona mara moja, nikaandika tatu. Kukagua kondo la nyuma baada ya mama kuzaa – hapo kalamu ikasita. Siku za kuzalisha yeye hushika mtoto, mimi ndiye nakagua, haraka haraka, kisha linakwenda shimoni. Nikamwuliza, umewahi kuona nikikagua? Akasema nimeona, Sista.

Nikaandika 2 Aprili, 9 Aprili, 27 Aprili. Sahihi, sahihi, sahihi.

Dakika ishirini, kurasa zote zimekwisha. Amenishukuru mpaka nimeona haya.

Jumatano, 14 Mei

Mwalimu wa chuo amefika. Bwana Nicholas, kijana mpole, viatu vyake amevibeba mkononi kwa ajili ya matope. Amekaa saa moja. Amefungua daftari, amepitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, amesema mwanafunzi huyu ameshughulikiwa vizuri kuliko wote aliowatembelea wiki hii. Chumba cha kuzalishia hakuingia. Hata mlango hakuuliza uko wapi.

Abdia alikuwa anatabasamu nyuma ya ushungi wake. Mimi nilimwaga chai.

Jumapili, 18 Mei

Mto umepanda. Shamba letu la chini, mahindi yote yamezama. Mume wangu, Baba Caleb, amerudi na mahindi machache ndani ya ndoo.

Ujumbe kutoka kwa Bwana Reuben, mkubwa wetu wa wauguzi: semina Garsen, Jumanne na Jumatano, juu ya usimamizi wa wanafunzi kazini. Nimempigia. Nimemwambia siwezi kuacha zahanati, sina wa kunishikia. Akasema una mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Nicholas ameniambia daftari lake limejaa. Halafu ni siku mbili tu. Zahanati isifungwe, majina yenu yameshakwenda juu.

Daftari limejaa. Ningemjibu nini?

Jumanne, 20 Mei

Garsen. Nimelala kwa dada yangu. Kuvuka leo ilikuwa nusu saa kwa mtumbwi mpaka pale lami inapoanza, kisha boda.

Mwezeshaji ni mama kijana anaitwa Valentine. Hana maringo. Asubuhi alituuliza: mara ya mwisho ulimtazama mwanafunzi wako akifanya kazi, mwanzo mpaka mwisho, bila wewe kushika kitu kingine, ilikuwa lini? Wauguzi tisa tukaangalia meza. Mmoja akacheka. Akasema madam, kwetu hakuna mikono ya kuweka mfukoni. Tukacheka sote. Valentine hakucheka, lakini hakutukasirikia pia. Aliandika swali ubaoni akaliacha hapo siku nzima.

Nimempigia Abdia jioni. Watoto watatu wa chanjo, mzee mmoja wa kidonda. Kumetulia.

Jumatano, 21 Mei

Dahabo mke wa Mahadi amefariki. Mtoto yuko hai, wa kike.

Siwezi.

Alhamisi, 22 Mei

Wamemzika asubuhi. Sikwenda. Nitaandika yalivyokuwa kabla sijaanza kuyapanga upya kichwani.

Dahabo ni uzazi wake wa nne. Watatu wa kwanza alizalia manyatani. Huyu alikuja kwetu kwa sababu ya Abdia, maana Mahadi na baba yake Abdia ni binamu. Alifika jana saa mbili asubuhi kwa miguu, na saa tano na nusu akajifungua. Abdia alikuwa naye peke yake, na Kadii mfagiaji wetu ndiye aliyeshika taa ya mkononi, maana stima haikuwako.

Saa sita kasorobo simu yangu ikalia nikiwa semina. Nikatoka nje. Sauti ya Abdia ilikuwa ya furaha. Amezaa, Sista, msichana, amelia mara moja. Nikamwuliza sindano ya kuzuia damu umempa? Nimempa. Kondo la nyuma limetoka lote? Akanyamaza kidogo. Akasema limetoka lote.

Nilisikia ule ukimya. Niseme kweli hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: niliusikia. Nikasema vizuri, mpe chai, nikarudi ndani, maana Valentine alikuwa anagawa makaratasi.

Saa saba akapiga tena. Sasa analia. Damu haisimami, Sista, nguo ya tatu hii. Nikamwambia sindano ya pili, dripu, sugua tumbo mpaka liwe gumu, toa mkojo, Kadii akimbie kwa Mahadi walete mtumbwi. Yote alifanya. Kadii ananiambia hakuruka hata moja. Dripu alijaribu mara nne ndipo ikaingia. Mstari ule pia nilikuwa nimeutia sahihi.

Ambulansi niliyoipigia simu ilifika mwisho wa lami kabla yangu. Nilipofika na boda dereva alikuwa amesimama anaangalia maji. Tukauona mtumbwi unakuja. Mahadi na kaka yake wanasukuma kwa miti, Kadii yuko nyuma na mtoto, Abdia amepiga magoti katikati, ngumi yake imekandamiza tumbo la Dahabo. Maji ndani ya mtumbwi yalikuwa mekundu.

Nikaingia mtoni mpaka kiunoni kuwapokea. Dahabo alikuwa mweupe midomo. Alinitazama, au nadhani alinitazama. Nikavaa glavu papo hapo, nikaingiza mkono, na nikakigusa mara moja. Kipande cha kondo, nusu ya kiganja. Nikakitoa.

Abdia akakiona mkononi mwangu. Akauliza, "Sista, hicho ni nini?"

Si kwa kujitetea. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Dahabo alikata roho kabla hatujamfikisha kwenye machela. Saa nane na nusu.

Tulirudi zahanati mimi na Abdia na Kadii na mtoto kwenye mtumbwi uleule. Kondo lilikuwa bado kwenye bakuli chini ya kitanda, Kadii hakupata nafasi ya kulitupa. Nililiosha, nikalitandaza juu ya trei, uso wa nyama juu. Pengo lilikuwa wazi. Hata mtoto wa shule angeona kuna kipande kimekosekana, kama angekuwa ameonyeshwa hata siku moja vipande vyake vinavyopaswa kukutana.

Abdia alilitazama sana. Akasema, "Niliangalia, Sista. Nililigeuza nikaliangalia. Ila sikujua ninaangalia nini."

Ijumaa, 23 Mei

Chuo kimemsimamisha Abdia. Yuko kwa shangazi yake Barwako, Garsen. Daftari lake amelisahau kwenye droo yangu, au ameliacha.

Mtoto ananyonya kwa mke wa kaka ya Mahadi.

Jumatatu, 26 Mei

Bwana Reuben amekuja kwa boti. Mara ya kwanza kumwona hapa tangu mwaka jana Novemba.

Ameomba chai, ameuliza habari za shamba, amesema pole kwa mahindi. Ndipo akafunga mlango. Kamati ya kuchunguza vifo vya akina mama inakaa Garsen Jumanne ya tarehe kumi mwezi ujao. Wataniita mimi na Abdia. Akaomba kuona daftari.

Alisoma ukurasa ule polepole. Akasema, "Huu ndio wokovu wako, Mama Caleb. Alifundishwa, alisimamiwa mara tatu, sahihi ziko. Kosa ni la kibinadamu, la mwanafunzi. Watamrudisha miezi sita arudie, basi."

Nikamwambia sikumsimamia. Tarehe tisa Aprili hata hapa sikuwako, nilikuwa Malindi kumpeleka mama yangu kutibiwa macho. Tarehe ishirini na saba hakuzaliwa mtoto hapa. Rejesta ya uzazi itaonyesha.

Akaegemea kiti. Akaangalia dirishani, nje ua wetu wote ni maji. Akasema rejesta nyingi zimeharibika mafuriko haya. Hakuna atakayeshangaa.

Nikalichukua daftari, nikalifunga.

Akasema tena, kwa sauti ya chini, kwamba ana fomu za kutembelea zahanati hii, Februari na Machi, na chini ya sahihi yake kuna ya kwangu. Wakianza kuuliza nani alimsimamia nani, hawataishia kwako. Hakusema kwa ukali. Alikuwa na uso wa mtu mgonjwa. Mimi nazikumbuka zile fomu. Alizituma kwa dereva zikiwa zimeshajazwa – zahanati safi, dawa zipo, muuguzi amepewa ushauri – na mimi nikaweka sahihi pale palipoachwa wazi, maana dereva alikuwa ananisubiri.

Ametoka. Rejesta bado iko kwenye rafu ya juu. Kavu.

Jumatano, 28 Mei

Kliniki ya wajawazito. Hakuna hata mmoja wa Kiorma. Viti vitupu.

Saa nne akaja Mahadi. Nilimwona kwa mbali anakuja na fimbo yake begani, nikaenda kunawa mikono bila sababu. Alikaa benchi la wagonjwa. Nikampa pole, akaitikia.

Mwishowe akasema, "Mimi sikuja kugombana. Mke yangu amekufa, hiyo ni ya Mungu. Nataka kujua tu. Huyu mtoto wa Adan, nani alimfundisha hii kazi?"

Nikasema anasoma chuo.

"Chuo iko mbali. Hapa, nani?"

Nikasema mimi.

Akatikisa kichwa. Akasema ndivyo yeye alivyomwambia Adan, baba yake Abdia, kwamba Sista Asenath ni mzee wa kazi, wawili kati ya watoto wa Mahadi walichanjwa na mkono wake, kwa hiyo kama msichana aliharibu, aliharibu yeye mwenyewe. Hakusikiliza alichofundishwa. Adan hasimami tena karibu naye msikitini kwa aibu. Na Abdia hawezi kurudi nyumbani.

Alinishukuru kwa kuingia mtoni siku ile. Alinishukuru. Nilikuwa na maneno mdomoni kabisa, na nikamwuliza mtoto anaendeleaje.

Anaitwa Dahabo pia.

Jumapili, 1 Juni

Kanisani wameniombea. Pasta alisema tumkumbuke dada yetu aliyepitia mtihani kazini. Watu walinishika mikono wakati wa kutoka. Nilitamani kuiondoa.

Nyumbani nimemweleza Baba Caleb yote, kwa mara ya kwanza. Alikuwa anashona wavu. Alishona mpaka nikamaliza.

Akasema, "Ukisema hivyo mbele ya kamati, huko nje haitafika hivyo. Itafika kwamba Mpokomo alikwenda semina akamwacha mama wa Kiorma afe. Wewe unakumbuka mwaka ule wa mapigano kati yetu na wao. Unakumbuka ilianza na kitu gani kidogo."

Nakumbuka. Tulikaa kambini miezi mitano.

Nikamwuliza, na msichana? Akakata uzi. Akasema ni mtoto wao, watamsamehe. Mimi nikasema hawajamsamehe. Akasema bado siku chache. Hakuwa ananidanganya, alikuwa anajaribu kujiaminisha. Tumekuwa pamoja miaka ishirini na nane, najua tofauti.

Jumanne, 3 Juni

Maji yameanza kushuka. Nimekwenda Garsen kumwona Abdia.

Barwako anauza maziwa sokoni, nyumba yake iko nyuma ya soko. Alinikaribisha vizuri mno. Abdia amekonda. Alikuwa anafua, alikausha mikono akanisalimu kwa kuishika mikono yangu yote miwili, kama anavyowasalimu wazee wao.

Nilikwenda kumwambia. Niliyapanga njia nzima juu ya boda: Abdia, kosa ni langu, sikukufundisha, nilitia sahihi uongo. Maneno hayazidi kumi. Nikakaa pale saa nzima. Tukaongea juu ya maji. Tukaongea juu ya maziwa ya ngamia na ya ng'ombe. Barwako akasema msichana hali chakula, akilala anashtuka, anahesabu nguo. Nguo ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Akinisindikiza aliniuliza, "Sista, wengine walijua vipi? Wenzangu wa chuo. Au wao pia hawajui?"

Nikamwambia wengine walionyeshwa.

Akasema aha. Akatazama chini. Nadhani tulielewana, na ndiyo maana niliondoka upesi.

Alhamisi, 5 Juni

Kadii ameleta habari. Mama mmoja amezalia manyatani juzi, uzazi wa kwanza, siku mbili za uchungu. Mtoto amekufa. Hapa ni mwendo wa saa moja kwa miguu, na njia ya upande ule ni kavu sasa. Hawakuja.

Leo nimemwaza sana Sista Christabel. Mwaka wa tisini na saba, mimi na umri wa miaka ishirini na tatu, wodi ya wazazi. Alikuwa mnene, mkali, viatu vyake vikisikika toka mbali. Kila kondo lililotoka alinifanya nilitandaze. Anasimama nyuma yangu, hashiki kitu. "Anza." Nazungusha kidole ukingoni, utando, mishipa, kisha nageuza, kipande kwa kipande, nasema kwa sauti ninachoona. Nikiruka kimoja anasema rudi. Mara thelathini na kitu kabla hajanitilia sahihi ya kwanza. Nilimchukia. Nilisema nikiwa mkubwa sitamtesa mwanafunzi hivyo.

Yeye pia alikuwa na wodi nzima. Alikuwa na wagonjwa wawili kitanda kimoja. Kwa hiyo nisijiambie tena kwamba ni uchache wa watu tu. Ni uchache wa watu, ndiyo, na mtu yeyote atakayeniuliza nitamwambia. Lakini siku za kuzalisha Abdia alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Kumwita aje aone kungenichukua dakika tano. Nilimpa mtoto amshike kwa sababu ilikuwa rahisi, na kwa sababu nilipenda kumaliza.

Nimeandika barua kwa kamati. Ukurasa mmoja. Nimeandika tarehe tatu zile na nilikokuwa. Nimeandika juu ya simu ya kwanza na ule ukimya. Sikumtaja Bwana Reuben. Kisha nikaandika upya nikamtaja. Kisha nikaandika tena bila yeye. Tatu ziko mezani.

Jumapili, 8 Juni

Idd imepita. Mwaka huu hakuna nyama iliyoletwa kwetu kutoka manyatani. Kila mwaka huleta.

Baba Caleb aliikuta barua. Aliisoma amesimama. Akaikunja palepale ilipokunjwa, akairudisha chini ya Biblia, akaenda shambani kuangalia kama kuna cha kupanda upya. Aliporudi alisema atanivusha mwenyewe Jumanne.

Rejesta nimeitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga mara mbili.

Jumanne, 10 Juni

Garsen. Naandikia kwenye benchi la nje, barazani. Kamati iko ndani, watu saba, nimewahesabu wakiingia. Bwana Reuben ni mmoja wao. Amenisalimu kwa kichwa. Rejesta iko kwenye mapaja yangu na daftari la Abdia juu yake, barua ndani ya daftari. Ile yenye jina la Bwana Reuben.

Abdia ameingia kwanza, saa tatu kamili. Saa tatu na nusu bado. Karani amepita na chai, akanipa kikombe, sijakinywa.

Saa nne kasoro dakika kumi ametoka. Hakulia. Amekaa karibu nami, akarekebisha ushungi, akasema taratibu, "Nimemaliza, Sista. Usiwe na wasiwasi."

Nikamwuliza umewaambiaje.

"Nimesema ulinionyesha. Mara tatu, kama ilivyoandikwa. Nimesema niliogopa nikasahau."

Sikuelewa. Nikamwuliza kwa nini, Abdia, kwa nini.

Akaeleza kama mtu aliyefundishwa somo. Bwana Reuben alikwenda kwa Barwako Ijumaa, siku ya Idd, akakaa na shangazi yake. Aliwaambia sahihi za ukurasa mmoja zikiwa za uongo, basi daftari zima ni la uongo, na chuo hakiwezi kulipokea. Miaka mitatu imekwenda na maji. Na baba yake aliuza ng'ombe wa maziwa, wote, ili asome. Lakini ikiwa ni kusahau, anarudia miezi sita, anafanya mtihani, anakuwa muuguzi. Abdia akasema pia kwamba wazee wao wamekubali hivyo. Hawataki maneno kati ya watu wetu na watu wao. Wameshachoka.

"Na mimi nimekubali," akasema. "Ni mimi nilikuwa na yeye. Si wewe."

Nimekaa. Barua inanichoma kupitia daftari. Nikiingia nikiisoma, namfanya mwongo mbele ya watu saba, dakika kumi baada ya kuapa. Namtoa chuoni kwa mkono wangu. Nisipoisoma, atatoka baada ya miezi sita na cheti, na mahali fulani, Kau au Bura au popote watakapompeleka, atakuwa peke yake na mama, kama nilivyomwacha mimi, na kwenye karatasi atakuwa anajua kila kitu.

Nikamwuliza, "Hiyo miezi sita, nani atakuwa amesimama nyuma yako?"

Akasema wamesema nirudi kwako. Kwa sababu wananijua pale, na kwa sababu wewe una uzoefu.

Karani amefungua mlango, ameita jina langu, Asenath, akaliangalia kwenye karatasi akaliita vizuri zaidi. Nimemwomba dakika moja. Amesema wanakusubiri, mama.

Nimegeuka kwa Abdia. Nikamwambia, nisikilize. Tuseme imekwisha, umepita, uko peke yako mahali. Mama amezaa, kondo limetoka, na hujui kama limetoka lote. Unafanya nini?

Amefikiri kweli. Nimemwona akifikiri, macho yake yakienda juu kidogo kama mwanafunzi anayetaka kupata jibu sahihi.

"Nitakupigia simu, Sista."

Karani ameita mara ya pili.